NJORO: SHAMBA, MGENI NA MAARIFA

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake twaijua sote. Mgeni akifika nyumbani, kuku huchinjwa na sufuria hutiwa mchele. Na mtoto wa nyumba hiyo, ambaye jana alilala kwa uji mtupu, leo naye hupata mnofu. Mgeni hushiba, na mwenyeji naye hupona.

Sasa tutazame nchi ya Nakuru. Magari yenye paa la kufunuka hupita katika barabara kuu itokayo Nairobi, yakiwapeleka watu kutazama vifaru, twiga na ndege wa Ziwa Nakuru. Wakiisha kutazama, wageni hao hulala hotelini, na asubuhi hushika njia ya Baringo au ya Masai Mara. Mkulima wa Njoro, ambaye shamba lake liko mwendo wa kilomita 20 hivi tu kutoka mji wa Nakuru, husikia habari zao kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha pili. Basi swali letu ni hili: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Watu wengi huyaweka mbalimbali mambo matatu haya: kilimo, utalii na maarifa ya kisayansi. Hudhani kwamba kilimo ni kazi ya mwenye jembe, utalii ni kazi ya mwenye hoteli, na sayansi ni kazi ya mwenye miwani katika chuo. Lakini katika Njoro mambo hayo yamefungwa pamoja tangu zamani, na kamba iliyoyafunga ni mto mmoja mdogo. Yafaa tuieleze habari hii tangu mwanzo wake.

KONDOO WALIOKUFA NA NGANO ILIYOUGUA

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda kwa Njoro na milima ya Mau, ikafika ziwani Kisumu mwisho wa mwaka 1901. Mwaka 1903 Serikali ya Kikoloni ilimpa Lord Delamere, mlowezi kutoka Uingereza, eka 100,000 za Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Nchi ile ilikuwa malisho ya Wamasai, na mwaka uliofuata walihamishwa katika Bonde la Ufa kwa mapatano ambayo malalamiko yake hayajaisha hata leo.

Delamere alianza na kondoo. Majani yalikuwa mengi na mazuri kwa macho, lakini kondoo walidhoofika na kufa, kwa kuwa majani yale yalikosa madini yanayohitajiwa na mwili wa mnyama. Ndipo akageukia ngano. Ngano ikaota vizuri, ikasimama, watu wakafurahi. Kisha ikashikwa na ugonjwa wa kutu, mashina yakawa mekundu na punje zikasinyaa. Wakati huo alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifikiri: alimwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu za ngano za namna mbalimbali ili apatikane mzao utakaovumilia kutu. Mwaka 1908 kampuni ya Unga ilianzishwa ili kusaga ngano hapa hapa nchini.

Hatutaji habari hizi ili kumsifu mtu aliyepewa ardhi ya wengine. Twazitaja kwa sababu zafundisha neno moja kubwa. Udongo wa Njoro ni mwema, lakini tangu mwanzo haukumlisha mtu yeyote kwa wema wake peke yake. Aliyelima bila maarifa alivuna hasara, ajapokuwa na eka 100,000. Na sisi tulio na eka mbili au tatu, baada ya mashamba makubwa mengi kugawanywa tangu uhuru wa mwaka 1963, hatuwezi kujidai kwamba twaweza kuyaacha maarifa ambayo hata yule tajiri hakuweza kuyaacha.

KITUO CHA MWAKA 1927

Mwaka 1927 Serikali ilifungua Njoro kituo cha kuzalisha mbegu. Kituo hicho kipo hata sasa, chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo liitwalo KALRO. Mbegu nyingi za ngano zilizotoka huko zilipewa majina ya wanyama na ndege wa nchi yetu: Kenya Swara, Kenya Kongoni, Kenya Tembo, Kenya Popo, Kenya Chiriku, Mbuni. Mtu asiyejua akisikia orodha hiyo atadhani yu katika mbuga ya wanyama, kumbe yu katika shamba la ngano.

Mwaka 1998 kutu ya shina ya namna mpya ilionekana katika ngano ya Uganda, ikapewa jina la Ug99. Kutu hii ni kuvu. Huota juu ya shina kama vumbi la matofali, na vumbi lile huchukuliwa na upepo kutoka shamba hata shamba, na kutoka nchi hata nchi. Shamba lililokuwa likimfurahisha mwenyewe laweza kuharibika kabisa katika muda wa majuma machache kabla ya mavuno. Ubaya wa Ug99 ni kwamba ilizishinda mbegu nyingi zilizoaminiwa duniani kwa miaka mingi. Haikukawia kuvuka mpaka na kuingia Kenya. Mwaka 2005 wataalamu walikutana Nairobi, na mmoja wao alikuwa Norman Borlaug, yule Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano. Walikubaliana kwamba nchi zote ziungane kupigana na adui huyu.

Na uwanja wa vita ulikuwa wapi? Ulikuwa Njoro. Kwa kuwa hewa ya Njoro ni ya baridi na unyevu, na kutu huipenda, mahali hapa pafaa sana kwa kuijaribu mbegu. Tangu wakati huo maelfu ya namna za ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa katika mashamba ya kituo, makusudi zipatwe na ugonjwa, ili ijulikane ipi itakufa na ipi itasimama. Zilizosimama ndizo wanazotumia wataalamu kuzalisha mbegu bora kwa wakulima wa kwao na wa kwetu. Hivyo ubaya wa mahali umegeuka kuwa faida yake.

Sasa, msomaji, tafakari jambo hili. Wataalamu wajao kutazama ngano hiyo, je, si wageni? Hulala, hula, hupanda magari, hununua vitu vya kuwapelekea watoto wao. Wengine hutoka nchi za mbali kuliko watalii wa ziwani, nao hawakuvutwa na simba wala kifaru. Wamevutwa na shamba. Basi asiseme mtu kwamba katika Njoro hakuna cha kumwonyesha mgeni. Shamba lenyewe ndilo la kuonyeshwa.

CHUO NA JUMBA LA MAWE

Kitu cha pili ni Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo hicho kilianza mwaka 1939 kuwa shule ya kilimo, katika eka 740 zilizotolewa na Lord Maurice Egerton. Wakati ule ilikuwa ni kwa vijana wa Kizungu tu. Mwaka 1950 kilipandishwa kikawa chuo cha kutoa stashahada za kilimo. Baada ya uhuru vijana wa kila taifa wakaingia, na mwaka 1987 kikafanywa Chuo Kikuu. Ni mabwana shamba wangapi wa Afrika Mashariki waliojifunza huko! Katika mashamba ya chuo limo lile liitwalo Tatton, ambapo wanafunzi hujifunza kwa mikono na si kwa kalamu peke yake.

Huyo Lord Egerton alijijengea jumba kubwa la mawe upande wa Ngata, lenye vyumba 52. Ujenzi ulianza mwaka 1938 ukaisha mwaka 1954, naye akafariki mwaka 1958, asiwe na mke wala mtoto. Watu husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Hayo ni masimulizi, wala hatuyaapii. Lakini jumba lipo, ni mali ya Chuo Kikuu, na watu hulipa kiingilio kulitazama, au hufanya arusi katika bustani zake.

Tena kuna pango karibu na mto, liitwalo Pango la Mto Njoro. Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walilichimba, wakakuta mabaki ya watu wengi waliochomwa moto baada ya kufa, pamoja na mabakuli ya mawe na shanga za mawe nyingi sana. Umri wake wapata miaka 3,000. Watu wale walikuwa wafugaji, nao walikunywa maji ya mto huu huu. Ni watoto wangapi wa shule zetu za Njoro wajuao habari hiyo? Mtu asiyejua thamani ya nyumba yake hawezi kumkaribisha mgeni ndani.

Fikiri sasa mgeni aliyelala Nakuru. Asubuhi na mapema amekwisha kuwaona wanyama. Saa nne hana kazi. Akitembezwa jumba la mawe kwa saa moja bado ana nusu ya siku mkononi, na fedha mfukoni. Kama hapana mtu wa kumwambia, "Bwana, njoo utazame jinsi ngano inavyopimwa, jinsi maziwa yanavyopozwa, jinsi sufu inavyosokotwa, kisha ule chakula cha mchana nyumbani kwetu," atarudi hotelini kulala usingizi. Hasara hiyo ni ya nani?

MTO NA ZIWA

Tumetaja mto. Mto Njoro hutoka katika milima ya Mau Mashariki, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hupita katika msitu, katika mashamba, karibu na chuo, kando ya mji wa Njoro, kisha huingia Ziwa Nakuru. Mwendo wake wapata kilomita 50 au 60 tu. Ni mto mfupi, lakini mzigo wake ni mzito, kwa maana kila tunalolifanya huku juu, yeye hulipeleka kule chini.

Ziwa lenyewe ni la sifa kubwa. Mbuga yake ilitangazwa kuwa ya Taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 ziwa likaandikwa katika mapatano ya Ramsar yahusuyo ardhi zenye maji, likiwa la kwanza katika Kenya. Na mwaka 2011 likaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Zamani flamingo walipata kuwa zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja, hata ukingo wa ziwa ukaonekana kama umetandikwa kanga ya rangi ya waridi.

Lakini katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote. Halafu, tangu mwaka 2010 hivi, likaanza kujaa kupita kiasi. Kutoka kilomita za mraba 40 hivi likaendelea kupanuka hata kupita 60; likafunika miti, njia, na lango kuu la mbuga pamoja na ofisi zake. Maji yalipokuwa mengi, magadi yake yalipungua ukali, na ule mwani mdogo waulao flamingo ukapungua pia; basi ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Wataalamu wasema kwamba sababu kubwa ya kujaa ni mvua zilizozidi. Lakini waongeza kwamba msitu ukikatwa, mvua haizami tena ardhini polepole. Hushuka kwa ghafula ikibeba udongo, na wakati wa kiangazi mto hauna akiba ya maji.

Na msitu ulikatwa. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa katika hifadhi ya misitu ya Mau kwa amri ya Serikali ya wakati ule, na sehemu kubwa ilikuwa huko Mau Mashariki, kichwani mwa mto wetu. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 watu wa sehemu za chini wameuona Mto Njoro ukikauka katika miezi ya jua, jambo ambalo wazee hawakulizoea. Wakati huo huo Waogiek, wenyeji wa msitu tangu kale, walikuwa wakitolewa humo; nayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, ikaamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao.

Kwa hiyo mkulima wa Njoro asidhani kwamba ziwa ni shauri la wenye hoteli. Udongo unaolitia ziwa matope ni udongo wa juu wa shamba lake, ule ule wenye mbolea aliyoinunua kwa fedha. Mvua moja kubwa juu ya shamba lisilo na matuta huchukua vitu viwili pamoja: mavuno ya mwaka ujao na mgeni wa mwaka ujao.

Dawa yake twaijua. Sheria zataka ukingo wa mto usilimwe, kwa upana usio pungufu ya mita 6. Matuta yakatwe kwa kufuata usawa wa mlima. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika, wasiingie mtoni. Miti ipandwe kichwani mwa mto. Tena Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji maji, ili watu wa juu na wa chini wakae pamoja kupatana badala ya kushitakiana. Chama cha namna hiyo kisiwe cha kuhudhuria siku ya posho tu.

SHILINGI YA MGENI IFIKEJE SHAMBANI

Watu hutuuliza, "Hoteli za Nakuru zinunua mboga zetu?" Jibu ni kwamba mpishi wa hoteli hana chuki na mkulima wa Njoro. Ana hofu. Tuseme ataka trei 30 za mayai na magunia mawili ya viazi kila Jumanne. Mkulima mmoja ampelekea juma la kwanza, juma la pili apeleka nusu, juma la tatu haonekani, kwa kuwa amepata bei nzuri zaidi sokoni. Mpishi afanyeje? Wageni wake hawatakula udhuru. Humwendea mfanya biashara mkubwa wa mjini, naye mkulima hubaki akinung'unika.

Mkulima mmoja hawezi kuiondoa hofu hiyo; wakulima ishirini waweza. Wakijiunga katika chama cha ushirika, wakapanga zamu za kupanda ili mboga zisiive zote siku moja, wakapima, wakachagua zilizo safi, na wakatoa stakabadhi, mpishi atawaamini. Hapa ndipo maarifa mapya yanapofaa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 fedha zaweza kumfikia mama shambani siku ile ile, wala hapana karani wa kukaa nazo. Kwa simu ile ile mwandishi wa chama huwauliza wenzake usiku nani ana mayai mangapi, na asubuhi gari moja hukusanya yote. Simu ya kuongea porojo na simu ya kuuza mayai ni simu moja. Tofauti ni mwenyewe.

Pia kuna vitu ambavyo mfanya biashara wa mjini hana, kwa kuwa hutoka hapa tu. Kule Lare, sehemu ya Njoro iliyo kavu kidogo, watu hulima malenge yenye sifa, hata shirika la Slow Food, lililoanzia Italia, limeyaweka katika orodha yake ya vyakula vya kutunzwa. Limefanya hivyo pia kwa asali ya Waogiek wa msitu wa Mau. Mgeni atokaye mbali anaweza kula viazi vya kukaanga katika kila mji wa dunia. Malenge ya Lare na asali ya Mau atavila hapa. Lakini iandikwe mezani kwamba vimetoka wapi na vimelimwa na nani, kwa kuwa jina jema la mahali nalo ni mali.

Twaona mfano mzuri katika sufu. Mnakumbuka kondoo wa Delamere waliokufa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1998, ilianzishwa hapa Njoro kazi ya Kenana Knitters, ili wanawake wa vijijini wapate fedha kwa kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea, na kufuma tembo, twiga na vifaru wadogo wa kuchezea watoto. Vitu hivyo huuzwa kwa wageni na kupelekwa ng'ambo. Tazama jinsi mambo matatu yalivyokutana: kondoo ni wa mkulima, mfano ni wa wanyama wa mbuga, na ustadi ni wa mama mwenye sindano mbili. Mgeni arudipo kwao hana kifaru, lakini ana kifaru cha sufu ya Njoro. Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, katika mwaka huo huo uliingizwa na UNESCO katika miji yenye sifa ya kazi za mikono. Sifa hiyo ni ya jiji zima, lakini mikono mingi iko vijijini.

MAONYO MAWILI

Hatupendi kumdanganya mtu. Biashara ya wageni ina tabia ya ndege: hutua upesi na huruka upesi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika katika Bonde la Ufa, na Njoro, Molo na Kuresoi ziliona moto wa nyumba na watu wakikimbia. Wageni walitoweka mara moja, na vitanda vikabaki vitupu. Mtu aliyechoma nyumba ya jirani yake alichoma pia ajira ya mwanawe mwenyewe. Amani ndiyo barabara ya kwanza ya utalii, na barabara hiyo haijengwi na mkandarasi; hujengwa na jirani kwa jirani, siku ambazo hakuna uchaguzi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa KOVIDI. Ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa mwezi wa Machi, zikaanza tena mwezi wa Agosti, na wageni hawakurudi wote mara moja. Aliyekuwa ameliacha shamba ili awe kiongozi wa wageni alipata taabu. Aliyekuwa na vyote viwili alikula viazi vyake akangojea.

Basi onyo la kwanza ni kwamba shamba ndilo ugali na mgeni ndiye kitoweo. Mtu aweza kula ugali bila kitoweo, ingawa haupendezi. Lakini kitoweo peke yake hakijengi nyumba. Usiuze shamba ili ununue gari la kuchukua watalii.

Onyo la pili ni kwa wenye hoteli na wakubwa wa serikali ya kaunti, ambao tangu mwaka 2013 ndio wenye mzigo wa kazi ya kilimo. Mkulima hawezi kuulinda mto kwa ajili ya ziwa ambalo halimpi hata senti. Yule anayeacha mita zake sita bila kulima, na shamba lake ni eka moja na nusu, ametoa sadaka kubwa kuliko aipandaye miti mitatu mbele ya picha. Yafaa arudishiwe kitu: soko la hakika la mazao yake, miche ya matunda na majani ya ng'ombe ya kupanda katika ukingo ule, na bwana shamba anayefika kwake kabla ya ugonjwa wa mazao kufika. Asiyepata sehemu ya nyama hawezi kuambiwa kila siku achunge ng'ombe.

KAZI ILIYO MBELE

Hatusemi kwamba mambo haya ni mepesi. Twasema kwamba Njoro ina vitu ambavyo nchi nyingi hununua kwa fedha nyingi: kituo cha utafiti chenye karibu miaka mia moja, Chuo Kikuu cha kilimo, jumba la kutazamwa, pango la wahenga, mikono yenye ustadi, na ziwa la sifa chini ya mteremko. Kilichopungua ni mtu wa kuviunga pamoja. Mtu huyo si lazima awe waziri. Yaweza kuwa mwalimu mmoja anayewapeleka watoto kando ya mto na kuwaeleza habari za wafugaji wa miaka 3,000 iliyopita. Au katibu mmoja wa chama anayeandika mayai katika daftari bila kukosa. Au wakulima kumi wa ukingo mmoja wanaopatana kukata matuta kabla ya mvua za Machi.

Mvua hizo zikinyesha, nenda siku moja usimame juu ya daraja la Njoro, utazame rangi ya maji. Yakiwa mekundu kama chai ya maziwa, ujue shamba la mtu linasafiri kwenda ziwani. Yakiwa safi, ujue kwamba huko juu wako watu wanaofanya kazi, na kwamba kule chini mgeni atakuja, na mwenyeji atapona.